Sura ya Tano: Wameoana, au Wanaishi Pamoja Tu?

Kwenye mwambao wa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Rumonge kushuka hadi Nyanza-Lac, kuna swali moja lisilochoka kuulizwa. Huliuliza katekista anapoandika majina ya watoto wa ubatizo. Huliuliza muuguzi anapojaza kadi ya mama mjamzito, na mkwe ambaye bado anadai ng'ombe mmoja. Hawa wawili wameoana, au wanaishi pamoja tu?

Tuseme kuna mvuvi wa ndagala na mwanamke anayeanika samaki hao mchangani na kuwauza. Wameishi nyumba moja miaka 11 na wana watoto wanne. Mahari ilitolewa nusu. Nusu ya pili iliahidiwa "giza likiingia", yaani zile wiki ambazo hakuna mbalamwezi na taa za mitumbwi huvuta samaki vizuri. Giza limeingia na kutoka mara nyingi tangu siku hiyo. Majirani humwita mwanamke huyo kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na hakuna anayetilia shaka kwamba ana mume. Lakini akienda komini, yaani ofisi ya serikali ya eneo lake, kutafuta karatasi, anaambiwa hajaolewa. Akienda kanisani Jumapili, hubaki kwenye benchi wenzake wanapopanga mstari wa komunyo.

Familia hii ni ya mfano tu. Hata hivyo, msomaji wa mwambao huu huenda amekwisha kumtambua jirani yake.

Mafundisho ya jadi ya Kikristo kuhusu ndoa yanaingia katika sentensi moja: mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, kwa hiari yao, mbele ya watu, hadi kifo, na tendo la ndoa likae ndani ya ahadi hiyo peke yake. Ni sentensi fupi, lakini kila kipande chake kilipatikana kwa mabishano ya karne nyingi, na kila kipande kina mahali kinapogongana na maisha ya Nyanza-Lac.

Milango mitatu

Mlango wa kwanza ni wa familia. Kwa Kirundi mahari huitwa inkwano. Zamani ilikuwa ng'ombe mwenye pembe na kwato. Siku hizi mara nyingi ni noti ndani ya bahasha, ingawa wazee bado huzihesabu kwa ng'ombe. Wazee wa pande mbili huketi, mshenga husema kwa mafumbo, na vinywaji hupita. Katika nyumba za Walokole, yaani Wakristo wa uamsho ulioanza Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 na kuenea Burundi, pombe huondolewa na Fanta huchukua nafasi yake, lakini utaratibu hubaki uleule. Mahari ikipokelewa, kwa macho ya ukoo mwanamke ameolewa.

Mlango wa pili ni wa komini. Sheria ya Watu na Familia iliyotiwa saini tarehe 28 Aprili 1993 inatambua ndoa moja tu, ile inayofungwa mbele ya msajili wa serikali. Inataka mwanamume awe na miaka 21 na mwanamke 18, na inakataza kuoa wake wengi. Mahari pekee haitoshi, wala baraka ya padri, mchungaji au shehe.

Mlango wa tatu ni wa kanisa. Katika sensa ya mwaka 2008, zaidi ya watu sita kati ya kila kumi nchini Burundi walijitaja kuwa Wakatoliki, na wengine wawili hivi Waprotestanti. Kwa Mkatoliki ndoa ni sakramenti, yaani tendo linaloonekana ambalo kwalo Mungu mwenyewe hutoa neema. Kwa Mwanglikana na Mpentekoste ni agano takatifu. Makanisa yote hudai mafundisho kabla ya ndoa, na mengi hutangaza majina ya wachumba kwa Jumapili kadhaa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kwa kawaida huomba pia kuona karatasi ya komini kwanza.

Watu wengi hupita mlango wa kwanza, au nusu yake, kisha wakasimama. Anayelaumu uasherati peke yake hajafanya hesabu. Kusaini kitabu cha komini hakumfilisi mtu. Kinachomfilisi ni harusi yenyewe, na gauni, ukumbi, vinywaji vya wageni mia mbili, kamati ya michango, halafu sherehe ya gutwikurura, pale bibi harusi anapotolewa ndani na kutembelewa na ndugu zake. Hakuna Injili inayoagiza hata kimoja kati ya hivyo. Lakini ni nani atakayekubali kusemwa kwamba alimchukua binti wa watu kimyakimya? Basi wachumba husubiri mavuno mazuri ya mawese au msimu mzuri wa ziwa, na wakati wanasubiri, mtoto anazaliwa, na wa pili.

Kwa muhtasari, kila mlango unauliza swali lake:

– Ukoo huuliza, "Mmetoa nini?"
– Serikali huuliza, "Mmeandikwa wapi?"
– Kanisa huuliza, "Mmeahidi nini, na mbele ya nani?"

Kanisa lenyewe lilichelewa kumdai padri

Wakristo wengi hudhani kwamba tangu siku za Mitume hakuna Mkristo aliyeoa pasipo kusimama altareni mbele ya padri. Historia ni ndefu kuliko hivyo, na inafaa kujulikana Rumonge kuliko mahali pengine popote Burundi, maana hapo ndipo padri wa kwanza alipokanyaga.

Mwaka 1879 Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kwa jina la Mapadri Weupe, walitia nanga Rumonge. Hawakudumu. Tarehe 4 Mei 1881 mapadri Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao mlei D'Hoop, waliuawa hapo katika ugomvi uliozuka juu ya mtoto aliyekuwa amechukuliwa na misheni, na kituo kikaachwa. Misheni ya kwanza kudumu Burundi ilifunguliwa mwaka 1898 huko Muyaga, mbali kabisa na ziwa, mashariki mwa nchi. Kanuni ya ndoa ambayo wamisionari hao waliibeba kwenye masanduku yao ilikuwa na umri wa miaka mia tatu na kidogo. Ukristo wenyewe ulikuwa na elfu moja na mia tisa.

Kabla ya hapo, kwa karne nyingi, Kanisa la Magharibi lilishikilia kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa, yaani neno la hiari la mwanamume na mwanamke wenyewe. Wakiambiana ghalani au njiani, bila padri, bila shahidi, wamekwisha kuoana. Mwaka 1215 Mtaguso wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulikataza ndoa za siri na kuamuru matangazo kanisani. Ila ndoa ya siri iliendelea kuwa ndoa. Mambo yalibadilika tarehe 11 Novemba 1563, pale Mtaguso wa Trento ulipoamua kwamba bila paroko au padri aliyetumwa naye, na bila mashahidi wawili au watatu, hakuna ndoa.

Kwa nini walifika hapo? Sababu imeandikwa ndani ya uamuzi wenyewe. Wanaume walikuwa wakiahidiana na mwanamke faraghani, wanaishi naye, kisha wanamwacha na kumwoa mwingine hadharani. Yule wa kwanza akienda kulalamika, alikosa wa kumtolea ushahidi. Maaskofu wale waliandika kuhusu Ulaya ya karne ya 16, lakini mwanamume waliyemfikiria anajulikana vizuri katika kila mwalo wa Tanganyika, na mwanamke aliyeachwa anajulikana zaidi.

Hili ndilo jambo ambalo kitabu hiki kinaona limesahaulika katika mahubiri mengi. Kanuni ya kuoana mbele ya mashahidi haikutungwa ili kanisa lipate sherehe. Ilitungwa ili mwenye nguvu asiweze kukana ahadi yake kwa asiye na nguvu. Mchungaji anayemtenga mama wa watoto wanne kwa sababu hajavaa gauni jeupe anatumia kanuni hiyo dhidi ya mtu ambaye ilikusudiwa kumlinda.

Ng'ambo ya mpaka, miaka miwili

Wakazi wengi wa Nyanza-Lac na Rumonge walizaliwa Tanzania. Machafuko yaliyoanza tarehe 29 Aprili 1972 yalipiga mwambao huu kwanza. Maelfu walivuka kwenda Kigoma, na baadaye wakakaa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa miaka thelathini na zaidi. Waliporudi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Burundi, walileta Kiswahili chao, majembe yao, madai ya mashamba ya baba zao, na ndoa walizozianzisha kule.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ina kitu ambacho sheria ya Burundi haina. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mke na mume, kunakuwa na dhana ya ndoa. Maana yake ni kwamba mahakama itaanza kwa kuamini kuwa wameoana hadi mtu athibitishe vinginevyo. Sheria hiyohiyo inaruhusu ndoa ya wake wengi.

Mwanamke aliyekaa Katumba miaka ishirini na mume wake alikuwa na jambo la kusema mbele ya hakimu wa Tanzania. Akivuka Manyovu kuingia Mugina, dhana hiyo haivuki naye. Nyumbani kwao Nyanza-Lac anahitaji karatasi. Na jambo la karatasi linapofika kwenye shamba, linakuwa jambo la kula au kutokula, kwa sababu Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi ya ardhi za ukoo. Desturi humpa mwana wa kiume. Mjane mwenye cheti cha ndoa hukaa shambani kwa mumewe kwa shida. Asiye nacho huambiwa na shemeji zake kwamba alikuwa mgeni.

Wengine walirudi na wake wawili. Hao tutawafikia.

Tarehe ya mwisho

Mei 2017, Burundi ilifanya jambo ambalo nchi chache zimewahi kufanya. Serikali ilitangaza kwamba wote wanaoishi pamoja bila ndoa wawe wamehalalisha uhusiano wao kabla ya tarehe 31 Desemba mwaka huo. Ilikuwa sehemu ya kampeni ya Rais Pierre Nkurunziza ya kurekebisha maadili ya jamii. Nkurunziza, aliyefariki Juni 2020, alikuwa mlokole asiyeficha imani yake, na mkewe Denise ni mchungaji. Msemaji wa Wizara ya Mambo ya Ndani, Térence Ntahiraja, aliieleza kampeni hiyo kama dawa ya ongezeko la watu na ya mimba za wasichana, na kama wajibu wa kizalendo.

Miezi iliyofuata, komini zilijaa. Watu waliandikishwa kwa makundi, na miongoni mwao walikuwamo walioishi pamoja miaka mingi. Kwa waliochelewa kulikuwa na vitisho, na mojawapo ni kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wangekosa elimu na matibabu ya bure. Masomo ya msingi bila ada yalikuwa yameanza mwaka 2005, na matibabu ya bure kwa watoto chini ya miaka mitano na kwa kina mama wanaojifungua mwaka 2006. Kuvipoteza hivyo ni kupoteza kingi.

Je, Mkristo afurahie? Upande mmoja, ndiyo. Wanawake wengi walipata kwa siku moja karatasi waliyoiomba kwa miaka. Mwanamume aliyekuwa akisema "mwakani" alikosa pa kujificha. Kwa mjane mtarajiwa, sahihi ile ilikuwa na thamani kuliko harusi ya ukumbini.

Upande wa pili kuna kitu kizito, na kinatoka ndani ya mafundisho ya kanisa yenyewe. Ikiwa ridhaa ndiyo moyo wa ndoa, basi ridhaa iliyotolewa kwa hofu ina ugonjwa. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 1103, inasema ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa kutoka nje ni batili. Msichana wa miaka 19 aliyekuwa bado anajiuliza kama huyu ndiye, akasukumwa kusaini kabla ya Desemba asije akaitwa mhalifu, alitoa ridhaa ya namna gani? Kanisa linalopenda ndoa lilipaswa kuuliza swali hilo kwa sauti. Furaha ya kuona takwimu zikipanda si sababu ya kulinyamazia.

Mwaka uliofuata mkono huohuo uliwafikia watoto wa shule. Juni 2018 Wizara ya Elimu iliamuru kwamba msichana mwenye mimba, na mvulana aliyempa mimba, wasirudi katika shule za kawaida. Kabla ya mwaka kwisha amri ilikuwa imeondolewa. Katika muda wake mfupi ilionyesha jambo ambalo kila mwalimu analijua: tumbo la msichana huonekana na darasa zima, na mvulana huweza kukana.

Mke wa pili, na yule asiyetajwa

Ndoa ya wake wengi imekatazwa na sheria ya nchi na kukataliwa na makanisa yote makubwa. Imekwisha? Hapana. Imebadilisha jina. Kwa Kirundi mwanamke wa pembeni huitwa inshoreke. Kwa Kiswahili cha mitaani ni nyumba ndogo. Fedha za msimu, ziwe za mpunga, za mawese au za ziwa, huwa na tabia ya kuzaa nyumba ndogo, na fedha zikikauka, mwanamke huyo hubaki na mtoto asiyeandikwa popote. Mke wa pili wa zamani alikuwa na kiwanja chake na heshima yake mbele ya ukoo. Inshoreke hana mahari, hana komini, hana kanisa. Milango yote mitatu imefungwa.

Makanisa yalihangaika na suala hili kwa zaidi ya karne moja, na hadithi yake haijulikani vya kutosha waumini wanapobishana. Mwaka 1888 mkutano wa maaskofu wa Kianglikana huko Lambeth, London, uliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Angesubiri akiwa mwanafunzi wa dini hadi hali yake ibadilike. Wake zake waliweza kubatizwa katika hali fulani. Matokeo yake barani Afrika yalikuwa machungu. Ili apate ubatizo, mwanamume alimfukuza mke wa pili na wa tatu, na mwanamke aliyekuwa ameolewa kihalali machoni pa ukoo wake akarudi kwa kaka zake akiwa amebeba watoto. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1988, maaskofu wa mkutano huohuo wa Lambeth waligeuza uamuzi. Bado walisema ndoa ya mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu. Ila mwenye wake wengi aruhusiwe kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wanaoamini, akiahidi kutoongeza mwingine, jumuiya yake ikikubali; na asilazimishwe kumfukuza yeyote, kwa sababu ya hasara ambayo wanawake hao wangeipata.

Wakatoliki walichukua njia nyingine. Kanuni ya 1148 inamruhusu mwanamume aliyekuwa na wake wengi, akishabatizwa, kubaki na mmoja wao kama kubaki na yule wa kwanza ni kugumu. Mara moja kanuni hiyo inaongeza wajibu: askofu ahakikishe wale walioachwa wanatunziwa mahitaji yao kwa haki na kwa upendo. Sehemu hii ya pili husomwa mara chache. Mrejeaji kutoka Mishamo mwenye wake wawili, anapoketi mbele ya katekista, husikia haraka kwamba amwache mmoja. Angepaswa kusikia kwa sauti ileile kwamba huyo anayeachwa bado anamdai nyumba na chakula.

Bwana wa msikitini, bibi wa parokiani

Rumonge ina Waislamu wengi kuliko sehemu nyingi za Burundi, na Nyanza-Lac pia inao. Vijana hukutana shuleni na sokoni, na hupendana bila kuulizana cheti cha ubatizo. Kanisa Katoliki huruhusu ndoa kati ya Mkatoliki na asiyebatizwa kwa kibali cha askofu. Utaratibu wa sasa unatokana na barua ya Papa Paulo VI ya mwaka 1970, ambayo iliacha kumdai yule wa dini nyingine atoe ahadi. Mkatoliki peke yake ndiye huahidi kufanya awezavyo watoto wabatizwe. Kwa upande wa Uislamu, mwanamume Mwislamu anaruhusiwa kumwoa Mkristo, lakini binti wa Kiislamu haruhusiwi kuolewa na Mkristo. Hivyo wengi hubadili dini kwa ajili ya harusi, na wazazi wa upande mmoja hukosekana siku ya sherehe. Wengine huchoka na mazungumzo hayo, wakaishi pamoja tu.

Watoto wangapi, na nani aamue

Burundi ina watu zaidi ya milioni 12 katika eneo lisilofika kilomita za mraba 28,000. Shamba lililomtosha babu hugawanywa kwa wana watano, kisha kwa wajukuu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta mwanamke wa Burundi huzaa wastani wa watoto 6.4, ule wa 2016 na 2017 ulikuta 5.5. Kitu kinabadilika vyumbani, hata kama mahubiri hayajabadilika.

Hadi mwaka 1930 makanisa karibu yote yalikubaliana kwamba kuzuia mimba kwa njia za kutengeneza ni dhambi. Mwaka huo Waanglikana waliacha ufa mdogo, kwa wanandoa tu na kwa sababu nzito. Desemba ya mwaka huohuo Papa Pius XI alijibu kwa kukataa, na mwaka 1968 Paulo VI alirudia katazo hilo katika waraka wake Humanae Vitae, akiruhusu wanandoa kufuata siku za mzunguko wa mwanamke. Vituo vya afya vya Kikatoliki nchini Burundi havitoi sindano wala vidonge vya uzazi wa mpango, na serikali ililitatua hilo kwa kujenga vituo vidogo karibu navyo. Mama hujifungulia kwa masista, kisha hutembea hatua chache kwenda jengo la pili.

Anayetembea hatua hizo mara nyingi ni muumini mzuri, mwimbaji wa kwaya pengine. Hajaasi, ila ana watoto watano na nusu hekta. Paulo VI aliandika pia kuhusu uzazi wa kuwajibika, yaani mume na mke wapime pamoja afya, mali na hali ya familia kabla ya kuamua. Neno "pamoja" ndilo lenye shida kubwa zaidi mwambaoni, pale mume anaporudi alfajiri kutoka ziwani na kuamini kwamba uamuzi ni wake.

Neno linaloshusha sauti za watu

Kuna suala moja ambalo likitajwa kwenye baraza la kahawa, watu hushusha sauti au huipaza kupita kiasi: mapenzi ya watu wa jinsia moja.

Msimamo wa sheria uko wazi. Katiba ya mwaka 2005, kifungu cha 29, inakataza ndoa ya watu wa jinsia moja, na ile ya 2018 imelibakiza katazo hilo. Februari 2009 Seneti ya Burundi ilikataa kifungu cha kuwaadhibu watu hawa. Bunge likakirudisha, na tarehe 22 Aprili 2009 Rais akatia saini sheria yenye kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili. Makanisa nayo hayakubadilisha mafundisho. Roma ilipotoa, tarehe 18 Desemba 2023, tamko la kuruhusu baraka fupi zisizo za ibada kwa wapenzi wa jinsia moja, maaskofu Wakatoliki wa Afrika walijibu kupitia Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa tarehe 11 Januari 2024 kwamba hawaoni inafaa kuzitoa katika nchi zao.

Katikati ya tarehe hizo mbili, siku ya 29 Desemba 2023, Rais Évariste Ndayishimiye alisema hadharani kwamba watu hao wakionekana Burundi wapelekwe uwanjani wapigwe mawe, na kwamba kufanya hivyo kusingekuwa dhambi. Rais huyu ni Mkatoliki. Hapa lazima isemwe bila kuzunguka kwamba hayo si mafundisho ya jadi ya Kikristo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, inayofundisha kwamba matendo hayo ni kinyume cha maadili, inasema pia kwamba watu wenye mvuto huo wapokewe kwa heshima na huruma, na kila dalili ya ubaguzi usio wa haki iepukwe. Azimio la Lambeth la mwaka 1998, ambalo Waanglikana wa Burundi hulishikilia dhidi ya wenzao wa Magharibi, linakataa tendo hilo na katika aya ileile linalaani chuki. Na anayetafuta mawe katika Injili ya Yohane, sura ya nane, ataona kilichotokea kwa waliokuwa wameyashika.

Mtoto wa mtu yuko nyuma ya kila mjadala wa namna hii. Mara nyingi anaketi kwenye benchi la kanisa lilelile, akisikiliza.

Barua ya kwenda ng'ambo

Turudi kwa mvuvi na mama wa watoto wanne. Tuseme mwaka huu wameamua. Hawatafanya harusi ya ukumbini; wataungana na wengine kwenye misa moja ya ndoa za pamoja, watoto wao wakiwa mstari wa mbele. Mahari iliyobaki wazee wamekubali kuipokea kidogo kidogo. Komini wamekwisha kusaini.

Paroko anawaambia bado kuna jambo moja. Mvuvi alibatizwa Katumba akiwa mtoto. Kanisa Katoliki huandika kila ndoa mara mbili, katika kitabu cha ndoa cha parokia inapofungwa na pembeni mwa jina la mtu katika kitabu cha ubatizo wake. Ndiyo sababu cheti cha ubatizo cha zamani, kile kilichokunjwa kwenye sanduku, hakitoshi. Inahitajika nakala mpya, kutoka parokia yenyewe, yenye kuonyesha kilichoandikwa pembeni.

Barua inaandikwa. Inapanda gari hadi Mabanda, inavuka Mugina, inafika Kigoma, halafu inaelekea kusini kwa safari ndefu. Mama wa watoto wanne hasemi kitu, lakini wiki hizo analala vibaya. Mume alikuwa na miaka 24 alipoondoka kambini, na kuna miaka mitatu kabla ya hapo ambayo hajawahi kuielezea vizuri.

Wiki ya saba jibu linafika. Paroko anamwita mwanamke kwanza, anafungua bahasha mbele yake, anamwonyesha kwa kidole. Jina la mume, jina la baba yake, tarehe ya ubatizo, mhuri. Pembeni mwa jina hakujaandikwa kitu.